Unacheza Namba Gani?

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi ya daftari iliyochorwa mistari kwa rula, na kalamu imefungwa kwa uzi ili makomredi wasiondoke nayo. Jina. Nambari ya usajili. Simu. Namba unayocheza. Shule ya upili uliyochezea. Msichana aliyenitangulia alijaza safu zote bila kufikiri: 8, Nyakach. Juu yake kulikuwa na 4, Wiyeta. Juu ya huyo, 9, Butere. Mimi nilijaza jina, nambari na simu, kisha kalamu ikabaki hewani.

"Madam, andika twende," sauti ikatoka nyuma kwenye foleni.

Nikachora kistari kwenye safu ya nne na kingine kwenye ya tano, nikapisha. Kapteni, aliyekuwa amekalia mpira kando ya meza, akaivuta karatasi akaisoma.

"Sasa wewe unacheza namba gani?"

"Yoyote tu."

Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Kwenye soka, mtu anayecheza namba yoyote ni ama fundi wa kupindukia, ama mtu ambaye hajawahi kupangwa mahali. Na hakuna aliyekuwa akitarajia fundi siku hiyo.

Hiyo ilikuwa Septemba 2023, wiki yangu ya pili katika chuo kimoja kando ya Thika Road. Sisi ndio wa KCSE ya 2022, kundi la kwanza kuingia chuoni chini ya mfumo mpya wa ufadhili, kwa hivyo wenzangu wengi walikuwa kwenye foleni nyingine kabisa, ya kuuliza serikali itawalipia kiasi gani na mzazi atafute kiasi gani. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya boli.

Kwa ambaye hajawahi kufuatilia: mpira wa wasichana hapa kwetu una mlango mmoja mkubwa, nao ni shule ya upili. Muhula wa pili ndio msimu. Mnaanzia kaunti ndogo, mnapanda kaunti, kanda, taifa, na mkibahatika mnavuka hadi mashindano ya Afrika Mashariki. Wiyeta kule Trans Nzoia, Itigo ya Nandi, Butere ya Kakamega, Nyakach ya Kisumu, hizi ni shule ambazo jina likitajwa uwanjani watu hugeuza shingo. Msichana akionekana ana mguu akiwa bado shule ya msingi, kuna mwalimu atamtafuta, na wakati mwingine hata karo hupatiwa njia. Akimaliza Kidato cha Nne amelala kwenye madarasa ya shule za watu wakati wa mashindano, amefunga, amefungwa, amelia, ametukanwa na mashabiki. Halafu anafika chuo na kukuta kitanda cha pili hosteli kimelaliwa na yule beki aliyemkanyaga nusu fainali.

Ndiyo maana timu yetu ilikuwa haiitani majina ya kuzaliwa. "Itigo, rudi!" "Nyakach, achilia!" Shule yako ndiyo jina lako.

Shule yangu ilijulikana kwa drama. Sitaitaja. Uwanja tulikuwa nao, tena wa nyasi safi, ila nyasi zile zilikuwa za ng'ombe wa shule. Netiboli ilichezewa kwenye lami kando ya jikoni. Kidato cha Pili tuliandika barua, wasichana kumi na wanne, tukaomba mpira mmoja na saa moja ya Jumamosi. Jibu lilitolewa kwenye paredi mbele ya shule nzima: mpira wa miguu unaharibu msichana. Unaharibu nini, hatukuambiwa. Matroni ndiye aliyekuja kutufafanulia usiku bwenini, na maelezo yake siyarudii hapa. Hiyo ilikuwa Februari 2020. Mwezi uliofuata shule zote zikafungwa kwa sababu ya korona, na tuliporudi mihula ilikuwa imebanwa kiasi kwamba hata netiboli ilikosa hewa. Barua yetu haikuzungumziwa tena. Ng'ombe alizaa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimecheza, ndiyo. Kayole, nyuma ya ploti yetu, mpira wa juala uliofungwa kwa kamba za gunia. (Mwaka 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mpira wetu uliharamishwa pamoja nayo, na huwa najiuliza kama kuna mtu kule wizarani aliyewahi kulifikiria hilo.) Mwaka huohuo nilikuwa darasa la saba, na wavulana waliozoea kunichagua wa pili au wa tatu wakaanza kubadilika. Hakuna aliyenifukuza. Ila nikipokea mpira walikuwa wanasimama mbali, mikono nyuma, kama watu waliokutana na mke wa pasta mlangoni. Walikuwa wameanza kuona aibu kunigusa. Nilifunga mabao mengi sana mwezi ule na sikufurahia hata moja. Nikaacha, nikarudi kwa wasichana kucheza kati: wawili wanarusha mpira, mmoja katikati anakwepa.

Kilichonirudisha ni Kombe la Dunia la wanawake la 2023, lile la Australia na New Zealand. Mechi zilikuwa asubuhi na mchana saa za huku, nami nilikuwa nasubiri kuitwa chuo huku nikimkalia binamu yangu duka lake la M-Pesa kule Umoja. Wateja walikuwa wanangoja. Siku Colombia ilipoifunga Ujerumani 2-1, Linda Caicedo aliingia katikati ya mabeki wawili, akawapita, akapiga, na kuna mama aliyekuwa ametoa shilingi 300 ambaye ilibidi anigongee kwenye kioo mara mbili. Caicedo alikuwa na miaka 18. Mimi pia. Sikuwa najilinganisha naye, akili ninazo. Nilichotamani si bao lile. Nilitamani wale mabeki wawili, jinsi walivyomjia kwa nguvu zao zote bila kumwonea haya. Nilitaka kukabwa.

Basi tukafika siku ya majaribio. Tulikuwa wasichana 31, nafasi tano. Mbio za kuzunguka uwanja sikuwa na shida nazo, nilimaliza wa tatu, na kwa dakika kama kumi hivi nilijiona nimefika. Halafu kocha akatupanga duara: sita nje, wawili ndani, walio nje wanapigiana pasi moja moja na walio ndani wanauwinda mpira. Ukiupoteza, unaingia. Wenyewe wanaita rondo. Mimi nililitambua zoezi lile mara moja. Ni kati! Ni kati ya miguu. Nikacheka peke yangu, na hicho ndicho kilikuwa kicheko changu cha mwisho jioni ile, kwa sababu katika dakika kumi za rondo nilikuwa ndani dakika kama nane. Nikitoka, mpira unanijia, mguu unaugusa, mpira unaruka mita mbili, narudi ndani.

"Huyu aitwe Kati," Itigo akasema. Na kwa kuwa sikuwa na shule ya kuitwa, jina likashika.

Kisha mechi, dakika 20. Wakaniweka winga kwa sababu nilikimbia vizuri. Nilipokea mpira mara tatu. Mara ya kwanza niliupokea nikiwa nimeupa uwanja mgongo, uso ukitazama mstari wa pembeni, na kabla sijageuka nilikuwa chini. Mara ya pili mtu alipaza sauti: "Uko na mtu!" Hili ndilo nataka kulieleza vizuri, maana hapo ndipo nilipouona umbali wenyewe. Mimi niliyasikia yale maneno kama sentensi. Niko na mtu. Mtu gani? Yuko wapi? Nikainua kichwa nimtafute, na alipoonekana alikuwa tayari anaondoka na mpira. Kwa wenzangu ile si sentensi. Ni kama pikipiki ikikupigia honi nyuma, mwili unasogea, akili inakuja kuuliza baadaye. "Uko na mtu" maana yake gusa mara moja, rudisha ulikotoka. "Geuka" maana yake nyuma yako ni peupe. "Una muda" maana yake inua kichwa, tulia, wewe ndiye mwenye mechi sasa hivi. Maneno matatu tu. Wenzangu walikuwa na miaka minne wakiyasikia kila jioni, hadi yakashuka kutoka masikioni yakaenda kukaa magotini. Mara ya tatu nilipiga mpira nje kwa makusudi ili uishe.

Watu wanaposema hujacheza shule ya upili, hudhani umekosa ufundi, kupiga chenga, kupiga danadana. Hivyo nilikuwa navyo kidogo, vya ploti. Nilichokosa ni mazoea ya kuwa mmoja wa watu kumi na mmoja. Kujua kwamba winga akipanda, kuna nafasi nyuma yake ambayo lazima mtu aijaze, na kwamba huyo mtu ni wewe, na kwamba hakuna atakayekuambia. Kujua wakati wa kuotea na wakati wa kungoja. Kwenye ploti mpira uko pale ulipo na sote tunaufuata kama kuku wanaofuata punje. Nilicheza mechi ile ya dakika 20 kama kuku mmoja kati ya wanadamu.

Orodha ilibandikwa Ijumaa kwenye mlango wa ofisi ya michezo. Sikuwemo.

Nilipewa pole za kila aina, na pole iliyonichosha zaidi ni ya Ian Wright. Sijui ni nani aliyewagawia vijana wa hosteli yetu hadithi hiyo, lakini ndani ya wiki moja niliambiwa na watu wanne kwamba Ian Wright alisajiliwa na Crystal Palace mwaka 1985 akiwa anakaribia miaka 22, halafu ona alipofika. Wa tano aliniletea Jamie Vardy. Ni kweli. Ila ukizisoma hadithi zile hadi mwisho, Wright alikuwa akicheza kila wikendi kwenye timu za mtaani tangu utotoni, na Vardy alikuwa kwenye timu ya watoto ya Sheffield Wednesday hadi alipofika kumi na sita. Hao ni watu waliochelewa kuonekana. Hawakuchelewa kuanza. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayekupa moyo bila kuitaja anakuacha ukidhani kasoro ni ya imani yako.

Na kocha hakunionea. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakiandika kuhusu makocha wasioona vipaji. Yule mtu alikuwa na wiki tatu kabla ya mechi za vyuo kuanza, mipira minane, na uwanja anaogawana na raga. Angenifundisha saa ngapi? Alihitaji watu waliofundishwa tayari, na nchi hii huwafundisha wasichana kucheza boli mahali pamoja tu, kwenye shule chache, kati ya miaka kumi na minne na kumi na minane. Ukipitwa na basi hilo hakuna lingine. Majaribio ya dakika 20 hayapimi unaweza kuwa nani. Yanasoma ulikotoka.

Jumatatu nilienda ofisini kwake.

"Kocha, naomba kuja mazoezini. Si kwa timu. Mazoezi tu."

Alikuwa anahesabu soksi. Akaendelea kuhesabu hadi akamaliza.

"Uwanja ni wa chuo," akasema. "Mimi sijaona ukuta."

Hivyo nikawa mtu wa ajabu pale: siko timu, na sikosi. Saa kumi na moja jioni, siku nne kwa wiki. Nilibeba koni, nilijaza maji, nilifuata mipira iliyovuka ua. Njumu nilinunua Gikomba kwa shilingi 850, nambari 39 ilhali mimi ni 38, kwa hivyo nilivaa soksi mbili. Vikinga ugoko nilikata kwenye boksi la mafuta ya kupikia, kama nusu ya timu. Wakiwa pungufu naitwa kujaza, wakitimia naenda kando kuruka kamba. Msijaribu kunionea huruma hapo. Rondo nilikuwa naingia kila siku, na kila siku nilikuwa ndani muda mrefu kuliko mtu yeyote, na jamani nilikuwa nakabwa. Butere alinipiga bega wiki ya pili nikalala kwenye matope, akanivuka bila kutazama nyuma. Nilienda hosteli nikiimba.

Kapteni ndiye aliyeniambia kitu cha maana kuliko vyote, tena akifunga viatu. "Kati, wewe unaangalia mpira ukija. Mpira hauna habari mpya. Angalia nyuma kabla haujafika." Yaani mpira ukiwa bado njiani, geuza kichwa upesi juu ya bega, uone nani yupo, urudi. Ukiupokea tayari una picha ya kilichoko mgongoni. Ni rahisi kulisema. Kulifanya ni sawa na kumwambia mtu atazame pembeni huku anavuka Thika Road. Kila kiungo cha mwili wako kinataka kuutazama mpira.

Nyuma ya maktaba kuna ukuta mpana usio na madirisha. Nikaanza kwenda huko baada ya saa tatu usiku, napiga mpira ukutani, unarudi, naugeuzia kichwa, naupokea. Usiku wa tatu askari akaja na tochi.

"Msichana, huu ukuta umekukosea nini?"

Nikamweleza, mzee wa watu, kuhusu bega na picha na kilichoko mgongoni. Nilidhani atanifukuza. Akafikiri. Kisha akaenda akasimama nyuma yangu, mita kama kumi, akasema yeye atawasha tochi ama kulia kwangu ama kushoto, nami nimwambie ni upande gani kabla mpira haujanirudia. Siku ile nilipatia mara mbili kwa ishirini. Alikuwa anazicheka zile kumi na nane moja moja. Lakini kesho yake alikuja tena, na alikuja karibu kila usiku aliokuwa zamu, na kufikia Januari alikuwa ananiambia vitu kama, "Kushoto unachelewa kugeuka, una shingo moja tu?" Hajawahi kuniambia kama alicheza mpira ujanani mwake. Nilipomuuliza alisema betri ni ghali, tuendelee.

Mamangu alikuwa anapiga simu Jumapili. Anauza mitumba ya watoto Kayole, na mwaka ule pesa za mkopo zilikuwa zinachelewa, kwa hivyo kila shilingi yangu ya chakula ilikuwa imepitia mkononi mwake kwanza. Alitaka kujua mpira unanipa nini. Wenzangu wanapunguziwa ada? Hapana. Wanapewa pesa? Nauli na chakula siku ya mechi. Na wewe unapewa? Mimi siko kwenye timu, mum. Kimya.

"Sasa mami," akasema, "unaenda kufanyia watu mazoezi yao?"

Sikuwa na jibu ambalo lingepita kwenye simu. Ningemwambia nini, kwamba nataka kukabwa? Nikamwambia inanisaidia kulala. Hilo alilikubali, maana kwake usingizi ni dawa, na wiki iliyofuata alinitumia soksi ndefu tatu alizozipata kwenye bunda.

Mwaka ukaisha hivyo. Nilicheza mechi za vitivo, beki wa kushoto, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kuwa beki wa kushoto. Anayetumia kulia anaona ni adhabu, na anayetumia kushoto anataka kuwa winga. Mimi sikuwa na historia ya kulinda. Nikajifunza pale: mstari wa pembeni uko kushoto kwako siku zote, kwa hivyo dunia imepungua nusu, na kilichoko mgongoni ni rahisi kukihesabu. Namba tatu. Sijui kama niliichagua. Nadhani ilikuwa wazi na mimi nilikuwa karibu.

Septemba 2024 majaribio mengine, duara lilelile. Safari hii niliingia kati kama kila mtu na kutoka kama kila mtu. Beki wa kushoto wa zamani alikuwa amemaliza mwaka wa nne. Orodha ilipobandikwa nilikuwa wa kumi na tisa kati ya ishirini, na mbele ya jina langu kocha alikuwa ameandika 3 kwa kalamu ya risasi, nadhani ili aweze kuifuta.

Oktoba ile Junior Starlets walikuwa Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote, wanaume kwa wanawake. Tuliwatazama hosteli, simu moja imeegemezwa kwenye sufuria, vichwa tisa. Uingereza ikatufunga 2-0, Korea Kaskazini 3-0, halafu Mexico tukaifunga 2-1 na jirani wakagonga ukuta. Wenzangu walikuwa wanawatambua watoto wale mmoja mmoja: huyu ni wa shule fulani, huyu alitusumbua kanda, huyu dadake alinikaba. Mimi nilikuwa namtazama beki wetu wa kushoto. Bado ni mtoto wa shule, pengine kesho yake ana kazi ya ziada ya Kemia, na kila mpira ukiwa njiani kichwa chake kinageuka, kinarudi, kinageuka. Sikuona wivu, au niliuona na ukapita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa najifunza kwa mtoto wa Kidato cha Tatu, na alikuwa mwalimu mzuri.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa ugenini, Nakuru, Novemba. Tulikuwa tunaongoza 1-0. Dakika ya 74 namba tatu wetu akashikwa na misuli, kocha akatazama benchi, akanitazama, akatazama benchi tena, nami sikumlaumu.

Winga wao alikuwa mfupi, mwepesi, na hakuwa na haya hata chembe. Mpira wa kwanza ulinijia kutoka kwa mpira wa kurusha. Ukiwa hewani niligeuza kichwa, nikamwona yuko kwapani kwangu, nikaugusa mara moja ukarudi kwa kipa. Kipa akaupiga mbali. Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa hakukuwa na cha kushangilia. Wa pili vilevile. Dakika ya 81 alinijia uso kwa uso, akanionyesha kulia, nikaenda kulia, akapitisha mpira katikati ya miguu yangu na benchi lao zima likasimama kupiga mayowe ya ile chobo. Nilimkimbiza. Nilimfikia kwenye mstari wa mwisho nikamgonga bega, mpira ukatoka, kona. Alianguka, akainuka akijipangusa, akanitazama kwa hasira safi kabisa.

Dakika ya 88 wakasawazisha, kutoka upande mwingine, si wangu. 1-1. Kwenye basi tulikula chapati baridi na ndengu, Itigo akalala begani kwangu kuanzia Gilgil hadi Limuru, na kabla ya Thika Road nilikuwa na ujumbe wa mamangu: Mmeshinda? Mmekula? Nikamjibu la pili.

Usiku wa Jumatatu askari alikuwa pale ukutani kabla yangu.

"Umegusa mipira mingapi?"

"Saba."

"Umepoteza?"

"Mmoja. Alinipiga chobo, mzee."

"Ukienda upande gani?"

"Kulia."

"Basi leo ni kulia tu," akasema, akarudi nyuma mita zake kumi, akazima tochi.